Yule makako wa kwenye baa: sheria iko, leta iko wapi?

Mwezi wa sita nilienda kuacha barua ya kuomba kazi kwenye hoteli moja hapa Kolwezi. Jina la hoteli sitaandika, juu shida haiko ya hoteli moja. Kwenye kiwanja, karibu na baa, kulikuwa makako mmoja amefungwa mnyororo kiunoni. Mnyororo mfupi: hatua mbili huku, hatua mbili kule. Chini simenti, juu kipande cha bati, pembeni pipa tupu. Wateja walikuwa wanamtupia kalanga na biskuti. Mmoja akampa chupa ya bia anywe, wengine wote wakatoa telefone kupiga video. Makako alikuwa anajiyumbisha mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kusimama. Watu wakacheka, wakasema anacheza dansi.

Mimi nilisoma biolojia. Ile haikuwa dansi. Mnyama aliyefungwa peke yake siku nyingi anafanya vile: anajiyumbisha, anajinyofoa manyoya, anajiuma mkono. Ni ugonjwa wa kukosa wenzake na kukosa kitu cha kufanya.

Nikauliza papa sentineli anaitwa nani. "Haina jina, tunasemaka tu makako." Na usiku analala wapi? "Palepale."

Kila mtu wa hapa anajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kolwezi iko juu, zaidi ya metri 1,400. Asubuhi hata wewe mwenye koti unasugua mikono. Makako porini anapita usiku ule amekumbatiana na wenzake juu ya mti. Yule alikuwa na pipa.

Mwezi wa nane nikarudi kuuliza kama barua yangu imejibiwa. Haikujibiwa. Mnyororo ulikuwa pale, mtupu. Papa sentineli akaniambia: "Ilikufaka na baridi. Patro anasema batu ya barabara batamuletea ingine." Na kweli. Mwezi wa tisa nilipita mbele ya lango, nikaona ingine: kadogo, kanashika mnyororo kwa mikono yote miwili.

Ninaandika juu ya hilo neno, "ingine".

Najua mutasema nini

Dada yangu mkubwa alisema mbele yenu: "Mudogo yangu, umekosa kazi, sasa umekuwa avoka wa makako?" Tulicheka. Kisha akaongeza kitu ambacho hakichekeshi: wakreseri wanafukiwa ndani ya mashimo, watu wa Kasulo wanaona kartie yao ikiliwa na karieri, maji ya robinet hayatoki, na wewe unalilia mnyama.

Yaya, nimekusikia. Na sitasema kwamba makako ni sawa na mtoto wa mtu. Kama tungekuwa na franga moja tu na tuchague, ningechagua mtoto. Lakini hakuna mtu anayetuomba tuchague. Kumfungua makako hakutoi mkate kinywani mwa mtu yeyote. Feza iliyonunua yule mdogo mpya haikuwa inaenda kwenye hospitali. Ilitoka mfukoni mwa mtu mwenye hoteli, akamnunua kama anavyonunua viti vya plastiki.

Tena angalia vizuri ni nini inafanyika pale. Kitu ambacho sheria inakataza kinafanyika kwenye kiwanja wazi, mchana, mbele ya watu wote wa mji. Hakuna anayejificha. Sisi vijana tunapoandamana juu ya maji au juu ya shamba lililochukuliwa, tunajibiwa kwamba mambo ni magumu, dosie ni nzito, Kinshasa haijajibu. Basi hii hapa ni dosie nyepesi. Haihitaji Kinshasa. Inahitaji ajenti mmoja, daktari wa wanyama mmoja na karatasi. Kama leta hawezi kufanya sheria ifuatwe kwa mnyororo wa metri moja, atawezaje kwa kompani yenye mabilioni?

Sheria inasema nini

Katiba yetu, kipengele cha 53, inatupa haki ya mazingira safi, na inatupa pia kazi ya kuyalinda. Sheria ya uwindaji ni ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982. Sheria ya kulinda viumbe, nambari 14/003, ni ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014. Sokwe, yule wazee wanamwita sokomutu, pamoja na bonobo na ngagi, analindwa kabisa: hakuna kumwinda, hakuna kumuuza, hakuna kumfuga nyumbani. Makako wengine wote wako ndani ya mkataba wa dunia unaoitwa CITES, ambao nchi yetu iliingia tangu miaka ya 1970: hakuna kumvusha mpaka bila karatasi. Na kazi ya kusimamia mambo haya ina mwenyewe, ICCN, ile ile inayosimamia mbuga za Upemba na Kundelungu.

Kwa hiyo sisi hatuombi sheria mpya. Sheria iko tangu mbele ya kuzaliwa kwetu.

Makako ni nani

Hapa kwetu jina "makako" tunalitupia kila mnyama mwenye mikono: tumbili, nyani, kima, hata sokwe. Lakini si kitu kimoja, na kila mmoja anahitaji maisha yake.

Wale wa kwenye baa zetu mara nyingi ni tumbili na nyani wa savana. Ni wanyama wa hapa hapa. Kuna aina ya nyani ambayo wasomi wa dunia nzima wanaiita nyani wa Kinda, kwa jina la Kinda yetu ya Katanga. Aliandikwa kwenye vitabu tangu 1919. Tunajivunia kobalti ambayo dunia inatafuta kwetu; nyani mwenye jina la kijiji chetu, tunamfunga karibu na choo cha baa.

Tumbili anaishi kwenye kundi la watu wake kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Siku nzima anatafuta chakula, anapanda, anashuka, anachambua manyoya ya mwenzake. Ukimfuga vizuri anaweza kupita miaka 20. Maana yake, ule mnyororo unaweza kuwa kifungo cha miaka 20. Na mtoto wa makako anakua, mnyororo haukui. Nimeona kwa macho yangu shaba ya waya imeingia ndani ya nyama ya kiuno, nywele zimeota juu yake.

Sokwe ni zaidi. Mtoto wa sokwe ananyonya mpaka miaka minne au mitano, na anakaa karibu na mama yake kwa miaka mingi tena. Mama anazaa karibu mara moja kwa miaka mitano. Anaweza kuishi miaka 50. Hakuna mama sokwe anayetoa mtoto wake kwa hiari. Kumpata huyo mdogo wa kuuza, lazima mama auawe, na mara nyingi wengine wa kundi waliokuja kumsaidia wanauawa pia. Nyama inaenda sokoni, mtoto anaenda kwa mnunuzi. Kwa hiyo ukiona sokwe mmoja mdogo kwenye parseli ya tajiri, usihesabu mmoja. Hesabu na wale waliobaki chini kule msituni.

Njia inapita kwetu

Katanga yetu haina misitu mikubwa ya sokwe kama kaskazini. Lakini ina barabara, ina mpaka, na ina watu wenye feza. Wanyama wanashuka kutoka misituni, wanapita miji yetu, wanaelekea Zambia na mbali zaidi. Mwaka 2020 Zimbabwe ilikamata makako zaidi ya 20 waliotoka Congo, walikuwa wanapelekwa Afrika ya Kusini. Mwaka uliofuata walirudishwa nchini, wakapelekwa Lubumbashi.

Kwa nini Lubumbashi? Juu kule kuna J.A.C.K., Jeunes Animaux Confisqués au Katanga, nyumba ya kulea sokwe na makako walionyang'anywa wafanyabiashara. Ilianzishwa 2006 na Franck Chantereau na mke wake Roxane. Wengi wenu mumeisikia kwa habari moja mbaya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 mwezi wa tisa 2022, majambazi waliingia wakaiba watoto watatu wa sokwe: César, Hussein na Monga. Kisha wakatuma video na ujumbe kuomba feza nyingi, la sivyo watawaua. Walisema hata kwamba mpango wao wa kwanza ulikuwa kuteka watoto wa mwenye nyumba. Chantereau alikataa kulipa. Alieleza wazi: ukilipa leo, kesho watarudi, na hakuna anayekuhakikishia kwamba watoto utawapata.

Watu wengi walicheka habari ile kwenye mitandao. Sokwe wanatekwa nyara kama watu! Mimi sikucheka. Utekaji wa watu tunaujua Lubumbashi na Kolwezi. Siku ile tuliona kwamba ni biashara moja, watu wamoja, silaha moja. Anayeiba mtoto wa mnyama kwa dola hana mpaka ambapo atasimama.

Na ile kukataa kulipa inatufundisha kitu sisi wenye roho nzuri. Rafiki yangu mmoja alinunua mtoto wa tumbili kando ya barabara ya Likasi. Alimwonea huruma, aliona watamwua. Alimleta nyumbani, akampa maziwa ya unga, akalala naye. Yule mnyama alikufa baada ya siku tisa. Na aliyemuuza, wiki ileile, alikuwa tena pale barabarani na mwingine. Rafiki yangu hakukomboa mmoja. Alilipia wa pili. Ukinunua kwa ubaya au kwa huruma, kwa muuzaji feza ni feza.

"Kwetu haiwezekani"

Hiyo ndiyo jibu nilipata kwa ajenti mmoja nilipouliza: kwetu haiwezekani, hizo ni mambo ya bazungu. Basi tuangalie majirani.

Chingola, ngambo ya Kasumbalesa, ni mji wa shaba kama wetu. Mashimo kama yetu, vumbi kama letu. Mwaka 1983, wafugaji wa ng'ombe wawili wa kule, David na Sheila Siddle, waliletewa mtoto wa sokwe aliyekamatwa kwa wafanyabiashara, ametoka kwetu Zaire, amejeruhiwa vibaya. Walimwita Pal. Walimtibu, akapona. Wakaletewa mwingine, na mwingine. Leo shamba lao, Chimfunshi, lina sokwe zaidi ya mia moja, na baadhi yao wanaishi ndani ya viwanja vyenye miti na uzio vya ekari 500 kimoja. Sokwe wetu walipaswa kuvuka mpaka ili wapate mti.

Na kwetu pia iko. Kinshasa, Claudine André alianzisha Lola ya Bonobo miaka ya 1990. Kule kila mtoto wa bonobo anayefika anapewa mama, mwanamke Mkongomani ambaye kazi yake ni kumbeba, kumlisha na kulala karibu naye mpaka apone moyo. Mwaka 2009 walianza kurudisha bonobo msituni, Équateur. Lwiro, Kivu ya Kusini, ICCN na watafiti wa kituo cha pale walianza mwaka 2002, katikati ya vita, na wamelea sokwe zaidi ya mia moja. Wanaosafisha, wanaopika, wanaotibu, ni Wakongomani. Kama Kivu yenye vita imeweza, Lualaba yenye kobalti itasema nini?

Kibanda kizuri ni kipi

Wengine watajibu haraka: sawa, tutamtengenezea kibanda kizuri, tutapaka rangi. Rangi haimsaidii makako. Ngoja niseme mambo ambayo yanamsaidia, juu mengi hayaombi feza nyingi.

Kwanza, asiwe peke yake. Huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Lakini usitupe wawili pamoja siku moja, watauana. Unawaweka jirani, wavu katikati, waonane, wanusane, kidogo kidogo.

Pili, urefu wa kwenda juu. Makako akiogopa anakimbilia juu. Kibanda kipana lakini kifupi, ambacho mtu anasimama na kumwangalia kutoka juu, kwake ni hofu ya kila saa. Weka matawi, kamba, mbao za kukalia juu ya kichwa cha mtu.

Tatu, chini kuwe udongo na majani, si simenti tupu. Chakula kisimwagwe sahani moja. Kitawanywe, kifichwe ndani ya majani, afanye kazi ya kukitafuta. Mnyama mwenye kazi hajiyumbishi. Sisi mashomeri tunaelewa hii bila kufundishwa.

Nne, chumba cha usiku: kikavu, kimefungwa upepo, kina majani makavu au gunia, hasa kipwa kikifika. Na vyumba viwili vyenye mlango katikati, ili anayesafisha asiingie naye.

Tano, maji safi kila siku, matunda, mboga, majani. Bia hapana. Biskuti hapana. Sigara hapana.

Sita, watu wakae mbali. Mafua yako yanaweza kumwua sokwe. Kifua kikuu kinapita kwetu kwenda kwao na kwao kuja kwetu. Na makako mkubwa akiuma mtoto, ile si foto tena, ni hospitali.

Na tafadhali, musikate mnyororo usiku na kumwachilia Nzilo mukidhani mumemsaidia. Aliyelelewa na watu hajui chakula cha porini wala hatari yake, kundi la wengine litampiga, na anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Kurudi porini ni kazi ya miaka, kwa kundi, na watu waliojifunza.

Lakini sasa tusikilize lile neno tena: "ingine". Ukijenga kibanda kizuri kabisa na mlango wa kununua ukabaki wazi, umejenga nafasi tu. Akifa huyu, wataleta ingine, na mara hii watasema wana kibanda cha kisasa. Kwa hiyo mambo mawili yaende pamoja: walioko wapewe maisha, na baada yao asiingie mwingine. La kwanza bila la pili ni kupamba biashara. La pili bila la kwanza ni kuwaacha walioko wafe kwenye simenti huku tukingoja.

Tunachoomba

Kwa gavana wa Lualaba, kwa divisheni ya mazingira ya jimbo na kwa ICCN:

1. Wahesabiwe. Makako na sokwe wote walio kwenye mahoteli, mabaa, parseli na kambi za makompani, Kolwezi, Fungurume mpaka Lubudi. Kwa miezi mitatu. Hesabu itangazwe, kila mtu aione.

2. Kuwe muda wa kujitangaza bila amende. Mama wa kartie ambaye mtoto wake alileta tumbili nyumbani asikimbizwe. Sisi tunajua ajenti wetu: ukiweka amende siku ya kwanza, makako anabaki na feza inapita mfukoni. Miezi mitatu, unajitangaza, unaandikwa, hulipi.

3. Mnyororo utoke mbele ya yote, na utolewe na daktari wa wanyama, juu mwingine umeingia ndani ya nyama. Kisha masharti sita niliyoandika hapo juu yawe karatasi, ibandikwe kwenye kila kibanda, na mtu apite kuangalia kila mwezi.

4. Sokwe yeyote atakayeonekana apelekwe mara moja kwenye nyumba ya kulea inayojulikana. Huyo hana mazungumzo.

5. Hakuna "ingine". Kila mwenye mnyama atie sahihi kwamba akifa au akihamishwa, nafasi inafungwa. Atakayekutwa na mpya baada ya hesabu, huyo akutane na sheria, awe mwenye hoteli au awe mkubwa.

6. Alipe aliyefunga. Kibanda, chakula, daktari, usafiri mpaka Lubumbashi: vitoke mfukoni mwa hoteli au kompani yenyewe. Na tusisikie wakigusa ile 0.3% ya biashara ambayo kodi ya minizo inaamuru kompani zitoe kwa maendeleo ya wakaaji. Ile ni ya maji na shule. Makako wa direkta alipiwe na direkta.

7. Kazi ya kuhesabu na kupita ipewe vijana wa jimbo waliosoma udaktari wa wanyama, biolojia na mazingira. Ndiyo, mimi ni mmoja wao, sina kazi, na sifichi. Hata nisipochukuliwa, wachukuliwe wengine.

Na sisi wenyewe

Bandugu, nusu ya biashara hii iko kwenye telefone zetu. Ile video ya makako anakunywa bia, mimi niliiona kwenye magrupu matatu kabla ya kufika nyumbani. Kila mtu aliyeweka kicheko alimwambia mwenye hoteli: endelea, wateja wanapenda. Kwa hiyo tuanze hapo. Usiitume. Usipige foto naye. Usimpe kitu. Usimnunue, hata kwa huruma.

Ukiona mmoja amefungwa, andika mahali, siku na hali yake: mnyororo, maji, kivuli, yuko peke yake au hapana. Sura za watu usiweke. Matusi kwa papa sentineli usiweke, yule naye anatafuta mkate na mara nyingi ndiye peke yake anampa maji. Leta kwetu, tutaweka pamoja, tutapeleka kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, na tutarudi kuuliza jibu.

Na ukiwa mteja, sema. Kwa heshima tu: "Patro, mimi nakunywa hapa, lakini yule makako ananiumiza. Ukimtengenezea mahali pazuri nitarudi." Mwenye baa hasikii Katiba, lakini mteja anayeondoka na feza yake anamsikia.

Juzi nilipita tena pale. Kadogo kako bado, kameshajua kujiyumbisha. Papa sentineli amekawekea gunia ndani ya pipa, kwa feza yake mwenyewe. Aliniuliza: "Ile karatasi yako unaandika, banaisoma?" Nikamwambia sijue, papa, lakini safari hii tutaipeleka wengi.

Mwezi wa sita utarudi, na baridi yake. Tuna miezi michache ya kuhakikisha huyu ndiye wa mwisho kwenye ule mnyororo.